Peugeot ya Babu Imelala Tangu 1991: Usiguse Ufunguo Kwanza

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mpwapwa. Babu yangu mzaa baba alikuwa bwana shamba, na ameacha Peugeot 404 saluni ya mwaka 1967. Aliiegesha kwenye banda la bati mwaka 1991, macho yake yalipoanza kufifia, na haijatoka tena. Mzee alifariki mwaka jana, na ukoo umesema gari liwe langu kwa kuwa tangu nikiwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa namwoshea. Kaka zangu wanataka tuliuze kama chuma chakavu. Binamu yangu ana trekta, anasema tulivute Jumamosi liwake. Fundi mmoja hapa mjini anasema injini itolewe, iwekwe ya Toyota. Nifanye nini, na nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Kabla hujasoma zaidi, mpigie binamu yako simu. Mwambie Jumamosi trekta libaki shambani. Nakuomba hilo kuliko yote nitakayoandika hapa chini. Mengine ukiyakosea yatarekebishika, lakini kuvuta gari lililolala miaka zaidi ya thelathini kunaweza kuvunja kwa nusu dakika kitu ambacho kutu na panya wameshindwa kukivunja tangu 1991.

Nayasema haya kwa kuyaona. Miaka ya 1980, nikiwa fundi kijana kwenye gereji moja hapa Dodoma, ililetwa Peugeot 403 iliyokuwa imekaa miaka tisa. Mwenyewe alikuwa na safari, na sisi tulitaka kumfurahisha. Tukafunga kamba kwenye lori, tukaingiza gia ya tatu, lori likavuta, nikaachia klachi. Injini ilizunguka mara moja, labda moja na nusu, na ndani yake nikasikia mlio mkavu, kama sahani inayopasukia ndani ya ndoo. Tulipofungua hedi (kichwa cha injini) tulikuta valvu moja imeganda kwenye gaidi yake (bomba inamopita), pushrodi yake (fimbo ya kuisukuma) imepinda kama upinde, na ringi ya pistoni namba tatu imekatika vipande vilivyochora slivu (bomba la silinda) kutoka juu hadi chini. Mzee yule alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, hakusema neno. Gari lile lilihitaji wiki moja ya kusubiri. Sisi tulilinyima hiyo wiki.

Injini haifi kwa kulala, mwanangu. Inakauka. Oili yote inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ukuta wa silinda unabaki mtupu, na ringi zinashikana na slivu kwa kutu nyembamba kama ganda la kitunguu. Ringi ni chuma cha kumwaga, hazijui kupinda. Ukizilazimisha zinakatika, ukizilainisha na kuzipa muda zinaachia zenyewe.

Na una bahati ya mahali. Mkoa wetu hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki upepo unakausha kila kitu. Gari lililolala hivyo Tanga au Bagamoyo, kwenye hewa ya chumvi, ungelikuta sakafu yake imebaki kama majani ya chai. Huku kwetu bati linadumu. Kinachokufa ni mpira, na waharibifu ni vumbi, panya na dondora.

Makaratasi nitayapita haraka, ila yatangulie. Kikao cha ukoo kusema gari ni lako ni jambo jema, lakini TRA haihamishi umiliki kwa maneno ya kikao. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, msimamizi wa mirathi ateuliwe, naye ndiye atakayesaini kukuhamishia gari. Tafuta kadi ya gari kwenye sanduku la mzee. Kama imepotea, kachukue ripoti ya upotevu polisi. Kisha linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye gari na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujanunua hata plagi moja. Namba za usajili za zamani hazitumiki tena, kwa hiyo jiandae kupata hizi za sasa zinazoanza na T. Na mtu akikutisha kwamba kuna ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Sasa twende bandani.

Siku ya kwanza usishike spana. Chukua simu, piga picha kila upande, ndani na nje, chini ya boneti, kila waya ulivyopita, kila paipu ilivyofungwa. Picha hizo zitakuwa mwalimu wako baadaye. Funga kitambaa puani na mdomoni, nyunyiza maji sakafuni, toa kinyesi cha panya kikiwa kimelowa, usikifagie kikavu. Inua mikeka ya ndani uone bati la sakafu. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye vizingiti vya milango, na mbele chini ya boneti, pale shokomzoba za mbele zinapokamatia bodi kwa juu. Mahali pazima patalia kwa sauti kali. Palipooza patasikika pamekufa, kama unagonga boksi. Hapo pa juu pa shokomzoba pakiwa pazima, gari hili linafaa kuhangaikiwa. Pakiwa pameliwa, bado linafaa, lakini fundi bodi ndiye atakayekula sehemu kubwa ya pesa yako.

Ukifika kwenye buti na chini ya viti, tafuta hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini kwa mbele. Wazee wa zama zile hawakusafiri bila nayo. Ukiipata usiruhusu mtu yeyote aipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu, tutaihitaji.

Inua gari kwa jeki, likalie kwenye stendi au magogo mapana ya mti mgumu, magurudumu yote manne juu. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tunaanza na injini, na tunaanza kwa macho. Fungua nyumba ya eya klina. Nimeshakuta humo viota vya panya vilivyojaa karanga, na kama mngewasha, vingenyonywa vyote kwenye kabureta. Chungulia ekzosi kwa nyuma, dondora hupenda kujenga humo kwa udongo, na ule udongo ukikauka ni kama saruji.

Kisha plagi. Hapa ndipo 404 inapotofautiana na gari ulilozoea kuona likifunguliwa. Plagi zake zimezama ndani ya mashimo marefu, unazifikia kwa spana ya bomba. Kwa miaka yote hii mashimo hayo yamekusanya vumbi letu jekundu, mabawa ya wadudu, hata punje za mtama. Ukifungua plagi bila kusafisha, vyote hivyo vinadondoka juu ya pistoni, na mchanga juu ya pistoni ni msasa. Puliza kila shimo kwa pampu ya baiskeli yenye paipu nyembamba mpaka litoke hewa safi. Baada ya hapo ndipo ulegeze plagi, robo mzunguko, rudisha, robo tena. Hedi ni ya alumini, na uzi wa alumini ukishatoka na plagi, umepata kazi nyingine ambayo hukuipanga. Ikigoma, dondoshea oili ya kulegeza kutu, kalale, rudi kesho.

Plagi zikitoka, zipange mezani kwa utaratibu zilivyokuwa. Na hapa nikuambie jambo ambalo limewachosha mafundi wengi: Peugeot hawahesabu silinda kuanzia mbele kwenye feni. Silinda namba moja ni ile iliyo upande wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), karibu na miguu ya dereva. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Fundi akihesabu kwa mazoea ya magari mengine, anaweza kufunga nyaya za distribyuta (kigawa moto wa plagi) kinyume kwa nusu mzunguko, injini inapiga mafataki kwenye kabureta, naye anaanza kulaumu kabureta isiyo na kosa.

Mimina ndani ya kila silinda kama vijiko vitatu vya mchanganyiko wa nusu dizeli, nusu ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Funika mashimo kwa vitambaa safi. Funga banda. Rudi baada ya siku tatu, ongeza kidogo, funga tena. Fanya hivyo kwa wiki mbili nzima. Najua ni muda mrefu kwa mtu mwenye kaka wanaomsubiri ashindwe. Uutumie kwenye mirathi.

Wiki mbili zikiisha, gia ikiwa huru na plagi zikiwa nje, ingiza hendeli. Usiikanyagie wala kuipiga nyundo. Ishike kwa mkono mmoja, sukuma kidogo upande mmoja, kidogo upande wa pili. Unachotafuta ni unywele wa mwendo. Ukiupata, umeshinda, kwa sababu unywele leo ni nusu sentimita kesho, na kesho kutwa ni mzunguko mzima. Siku hendeli itakapozunguka mara mbili kamili bila kukwama, fungua kava la juu la valvu uone kama rokaarmu zote nane (vile vikono vinavyosukuma valvu) zinapanda na kushuka. Iliyobaki chini imeganda. Ipe valvu hiyo oili na uigongegonge kichwani kwa nyundo ya plastiki, kwa upole.

Ikigoma kabisa baada ya mwezi, hapo ndipo hedi itafunguliwa. Nawe usikate tamaa, maana ndipo utakapoona kwa nini namkatalia yule fundi wa Toyota.

Injini ya 404 ilibuniwa itengenezwe upya mahali pasipo na karakana ya mashine. Slivu zake ni za maji: kila silinda ni bomba la chuma lililochomekwa kwenye bloku, maji ya kupoza yanalizunguka, na linatoka likivutwa. Huhitaji kupeleka bloku kuchongwa. Unanunua seti ya slivu nne, pistoni nne na ringi zake, kipenyo cha milimita 84 kwa injini ya sisi (cc) 1618 (hakikisha, kwa sababu ipo ndogo ya milimita 80), unabadilisha na mipira ya chini ya slivu, na injini inarudi kuwa mpya hapohapo ilipo. Ndugu yake wa baadaye, 504, alitumia injini za ukoo uleule, na pikapu za 404 ziliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Ndiyo maana vipuri bado vinapatikana kwa mwenye kuuliza kwa subira Kariakoo na Gerezani, na Nairobi. Ila nenda na kipande cha zamani mkononi, usinunue kwa jina peke yake.

Injini ya Toyota itawaka, simdanganyi mtu. Lakini ili ikae humo, fundi atakata vishikizo vya injini, atabadilisha giaboksi, gia ya usukani itang'olewa na sakafu kutobolewa gia ya chini, na waya wote kuchanganywa. Mwisho wake utakuwa na Toyota mbovu iliyovaa koti la babu, isiyo na kitabu cha kuirejea ikiharibika. Mimi nimetengeneza magari ya namna hiyo, na sijawahi kuona hata moja lililotunzwa na mjukuu.

Na kaka zako waambie hivi: 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na Bert Shankland aliyeshinda miaka miwili ya katikati alikuwa mkazi wa Tanzania hii. Gari la babu limetengenezwa ndani ya miaka hiyohiyo. Kwenye mizani ya chuma chakavu litapimwa kwa kilo kama bati la paa.

Oili ya injini iliyomo usiitumie hata kwa jaribio. Slivu za maji zina udhaifu mmoja: ile mipira ya chini ikikauka, maji ya rejeta huchuruzika polepole hadi kwenye sampu. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa, kwa hiyo dipstiki inaweza kukuonyesha oili nzuri nyeusi huku chini kuna kikombe cha maji. Mwisho wa barua hii nitakuambia namna ya kulipima hilo. Baadaye utatia oili ya kawaida ya 20W-50. Usishawishike na oili nyepesi za bei kubwa za magari ya kisasa.

Tenki la petroli sasa. Ukifungua kifuniko utasikia harufu ya vanishi ya fanicha, na ndiyo hiyohiyo: petroli ikikaa miaka mingi inakuwa gundi. Ishushe tenki, mwaga kilichomo mbali na jiko na mbali na mtu mwenye sigara, tia maji ya moto na sabuni pamoja na kokoto ndogo za mtoni, tikisa mpaka mkono uchoke, suuza, rudia. Anika juani siku mbili. Kama ina tundu, usikubali mtu yeyote achomelee tenki kwa moto kwa sababu tu "imekauka". Mvuke wa petroli hukaa kwenye mikunjo ya bati, na tenki tupu hulipuka vibaya kuliko lililojaa. Paipu zote za mpira tupa. Pampu ya mafuta ina kiwambo cha mpira ndani, nacho badilisha. Kabureta ifunguliwe yote, jeti zipulizwe kwa hewa, zisichokonolewe kwa waya, maana waya hupanua tundu lililopimwa kiwandani. Wapo watakaokuambia petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaua valvu. Hofu hiyo ni ya magari yenye hedi za chuma cha kumwaga ambazo siti zake zimechongwa humohumo. Hedi yako ni ya alumini, siti ni za kupachikwa, ngumu. Endesha bila wasiwasi.

Umeona sijakuruhusu kuwasha bado. Ni kwa sababu ya breki, na hapa nitakaa kidogo.

Kila anayefufua gari la zamani anataka kusikia injini kwanza. Injini ikishanguruma, furaha inapanda, mtu anaingiza gia "asogee kidogo tu", na kumbe kanyagio la breki linaenda mpaka sakafuni. Kwa hiyo kwangu breki zinatangulia injini. Za gari lako ni dramu magurudumu yote manne. Fluidi ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa miaka hii yote imekuwa ikitafuna masta silinda (pampu kuu ya breki) na wili silinda (zile za kwenye magurudumu) kutoka ndani. Utakapofungua dramu, usipulize vumbi la ndani kwa hewa. Breki shuu za zama zile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitie kwenye mfuko na ukitupe.

Vuta pembeni kile kimpira cha vumbi cha wili silinda. Ukiona unga wa kahawia uliolowa, pistoni ndogo ya ndani imeota kutu. Ukuta wa silinda ukiwa na mashimo unayoweza kuyasikia kwa ukucha, raba mpya haitasaidia, itavuja ndani ya mwezi. Nunua wili silinda nzima au mpe fundi mchongaji aiweke slivu. Hosi za breki badilisha zote hata kama kwa nje zinang'aa. Mpira wake huvimba kwa ndani, fluidi inaenda kwa nguvu ya mguu lakini hairudi, gurudumu linabaki limeshikwa na dramu inawaka moto njiani. Tia fluidi mpya ya DOT 3 au DOT 4, kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo. Usitie DOT 5, ile ya silikoni. Na mtu akikuambia oili ya injini inafaa kwa dharura, muombe akae mbali na gari lako: oili ya madini huvimbisha kila raba ya breki kwa siku chache.

Jambo jingine ambalo fundi wa leo anaweza asilijue ni difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Difu ya 404 haina kraunwili na piniani (gia kubwa na ndogo zenye meno) kama ya magari mengi. Ndani kuna parafujo la chuma linalozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Shaba hiyo haipatani na dawa za salfa zilizomo kwenye oili nyingi za difu za kisasa, hasa makopo yaliyoandikwa GL-5. Zamani difu hizi zilijazwa oili iliyotokana na nyonyo, nyonyo hizihizi zinazolimwa Dodoma na Singida, ila iliyosafishwa kiwandani kwa kazi hiyo. Oili ya nyonyo na oili ya madini hazichanganyiki, zikikutana zinaganda vipande. Kwa kuwa huwezi kujua babu aliweka ipi mara ya mwisho, mwaga yote, osha nyumba ya difu, kisha jaza aina moja tu: oili nzito ya gia ya madini matupu, daraja la GL-1. Itabidi uiagize. Isubiri. Giaboksi yenyewe haina makuu, inatumia oili ya injini.

Umeme mpe fundi umeme mwenye uvumilivu, si yule wa kuunganisha waya kwa meno. Panya hupenda ganda la waya, na waya ulio uchi ukigusa bodi gari linaungua hata halijawaka. Betri ya volti 12 ifungwe mara ya kwanza kupitia fyuzi, swichi moja baada ya nyingine, mkono ukiwa tayari kuitoa. Pointi za distribyuta zifutwe kwa msasa laini, ziwekwe nafasi ya milimita 0.4. Tapeti (nafasi ya valvu), injini ikiwa baridi, milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 za kutoa. Mwambie pia aangalie feni ya rejeta: ya 404 inashikwa na kuachiwa kwa sumaku ya umeme, injini ikipata joto ndipo inaposhika. Waya wake ukikatika, feni inazunguka kivivu na gari linachemka kwenye mlima wa kwanza, na watu wanaishia kulaumu gasketi ya hedi.

Maji ya rejeta yasiwe ya kisima. Unajua mwenyewe birika za kwetu zinavyoota chokaa, basi ndivyo itakavyoota rejeta, na chumvi itaila hedi ya alumini. Tumia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, pamoja na kulenti (dawa ya kupozea).

Siku ya kuwasha iwe asubuhi, nje ya banda, ndoo mbili za mchanga pembeni. Plagi zikiwa bado nje, zungusha injini kwa starta kwa vipindi vifupi mpaka uone oili imepanda kwenye rokaarmu. Hapo ndipo ufunge plagi. Usitegemee tenki siku hiyo. Ning'iniza chupa ndogo ya petroli safi mbali na ekzosi, ipeleke kwenye kabureta kwa paipu, uone kwa macho inavyoshuka. Itakapowaka itatoa moshi mwingi mweupe na wa bluu, ni ile dizeli na oili uliyomimina, usiogope. Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde kumi, zima. Ikizimika, acha ingurume dakika kumi, usikanyage mafuta, mkono ukipapasa paipu za rejeta. Zima, ikipoa mwaga oili yote na utie nyingine. Najua inauma kumwaga oili ya dakika kumi, lakini imebeba uchafu wa miaka yote ile.

Klachi huenda imeshikana na flaiwili. Kanyagio likiwa chini na gia inagoma kuingia, kandamiza kanyagio kwa kipande cha mbao siku kadhaa. Mara nyingi inaachia.

Tairi zilizopo mwachie babu, hata kama zina kashata (meno) nzuri. Zinazofaa ni 165 za rimu 15, na usome tarakimu nne za ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi "mpya" lililokaa dukani miaka kumi lirudishe. Safari za kwanza ziishie hapohapo mtaani, wiki ya pili Kongwa na kurudi, na kila ukisimama gusa dramu zote nne kwa nyuma ya kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, unajua wapi pa kurudia. Zile kama kilomita 120 za kuja Dodoma kupitia Mbande zisubiri mpaka uwe umezoea kila mlio wa gari lako.

Rangi usiiguse mwaka huu. Watakuambia ipigwe upya ing'ae harusini. Ioshe kwa maji mengi na sabuni ya kuogea, uipake nta, uitazame. Pale mlangoni mwa dereva, kwenye ukingo wa chini wa dirisha, huenda rangi imelika kidogo mahali kiwiko cha mzee kilipokuwa kinakaa. Patii ikishapita hapo hakuna fundi atakayekurudishia.

Sasa kile kipimo cha maji. Chukua chupa ya glasi yenye mdomo mpana, safi na kavu. Legeza kizibo cha sampu polepole kwa spana, usikitoe chote, acha yale ya kwanza kabisa yadondoke ndani ya chupa mpaka ifike nusu, kisha kaza. Iweke dirishani, usiitikise, iache ilale mpaka asubuhi. Kama kuna maji yatajitenga chini, utaona mstari. Pima kina chake kwa rula, piga picha rula ikiwa kando ya chupa, unitumie pamoja na picha ya plagi zote nne jinsi ulivyozipanga. Nikiona hivyo nitakuambia kama slivu zitoke au zikae.